Miisho mipya ya vikoa ije, ila .zip isirudiwe

Mhariri,

Wanaopinga kuongezwa kwa miisho ya majina ya vikoa, yaani sehemu ya mwisho ya anwani ya intaneti kama .com, hudai kuwa intaneti itaelemewa. Si kweli. Miisho yote hukaa kwenye faili moja dogo katika seva za mzizi, zile zinazoelekeza kompyuta kwa msimamizi wa kila mwisho. Raundi ya 2012 ya kuomba miisho mipya ilipokea maombi 1,930, ikazaa miisho zaidi ya 1,200, na mzizi haukutetereka. Kinachokwama ni programu zetu.

Fomu nyingi bado hukagua barua pepe kwa kanuni ya zamani: baada ya nukta ya mwisho, herufi mbili hadi nne basi. Ilitosha kwa .com na .info. Mwenye anwani inayoishia .photography huambiwa amekosea, naye hurudia kuandika mpaka achoke. Watengenezaji waondoe kikomo hicho, waruhusu hadi herufi 63, kipimo halisi cha kila sehemu ya jina, kisha watume ujumbe wa kuthibitisha. Wasigandishe orodha ya miisho ndani ya programu. Itapitwa na wakati.

Mgongano wa majina, yaani jina moja kutumika ndani ya ofisi na nje, ni mzito zaidi. Ofisi nyingi hujitungia miisho ya ndani, kama .corp. Mwisho huo ukitolewa kwa dunia nzima, kompyuta iliyobebwa nje ya ofisi itaulizia seva ya kampuni kwa mtu baki. Ndiyo maana mwaka 2018 ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, iliamua kutoendelea na .corp, .home na .mail. Miisho mingine ilitakiwa kwanza kujibu 127.0.53.53, anwani ya namba iliyotengwa kuwa onyo, kwa siku 90, mafundi wapate kushtuka. Ukiikuta namba hiyo kwenye kumbukumbu za mfumo, hamishia majina ya ndani chini ya kikoa ulichokisajili.

Tunaunga mkono nyongeza, hasa kwa miisho ya maandishi yasiyo ya Kilatini, kama ya Kiarabu. Tusichokubali ni miisho inayofanana na ya mafaili. Tangu 2023 yeyote anaweza kusajili jina la .zip, mwisho uleule wa mafaili yaliyobanwa. Unamwandikia mwenzako jina la faili, programu inaligeuza kiungo, na mlaghai aliyekwisha kulisajili anapokea mgeni. (.py nayo ni ya mafaili ya lugha ya programu ya Python, lakini ni msimbo wa nchi ya Paraguay. Hapo hakuna wa kulaumiwa.) Ada ya maombi ya raundi ya 2012, dola 185,000, haikuchuja hatari hiyo. Miisho ya mafaili yanayotumika sana iwekwe kwenye orodha ya yaliyokatazwa kabla maombi hayajapimwa.

Mafundi wa mitandao