Jambazi asiyelipa kodi ya chumba

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwasumbua kwa barua. Ila ile makala ya Jumapili, iliyosema vijana wa Dar waliharibiwa na riwaya za ujambazi na upelelezi, imenishinda kumeza.

Mimi nilikuwa nakodisha vitabu Manzese, meza moja na nailoni ya kufunikia mvua ikija. Shilingi mbili kwa siku tatu. Simu ya Kifo ya Katalambulla, iliyotoka 1965, nilikuwa nayo nakala moja tu, nimeishona kwa uzi wa fundi viatu, na bado watu waliipangia foleni.

Mwaka 1983 kijana mmoja, mbeba mizigo Kariakoo, alikodi kwangu kitabu cha Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Musiba. Ndio mwaka wa Nguvu Kazi, ule msako wa serikali, watu wazima mnakumbuka: huna kitambulisho cha kazi, unapakiwa kwenye lori ukalime. Akapakiwa na kitabu changu mfukoni. Aliporudi miezi miwili baadaye alikuta chumba kina mpangaji mwingine, na godoro lake analilalia huyo huyo mpangaji. Akaja kwangu kwanza. Kitabu kimejaa udongo mwekundu mpaka katikati ya kurasa, naye anauliza faini ya kuchelewesha ni shilingi ngapi! Wiki haikuisha akakamatwa na redio ya watu. Walimpiga hadi jicho la kushoto likapofuka. Sasa mwandishi wenu aniambie, hilo alifundishwa na Musiba? Willy Gamba anahangaika na majasusi wa Makaburu, bwana, si redio ya mbao ya jirani. Kama kuna somo alilipata, alilipata ndani ya lile lori, akamalizia mlangoni kwa mwenye nyumba.

Halafu mnazisifu hizi hadithi za WhatsApp. Mjukuu wangu ananisomea. Jambazi ana gari jeusi na bastola mbili, lakini hadaiwi dukani, hana mama mgonjwa, wala hatujui analala wapi. Na tukiwa hapo hapo kwenye kulala: mwaka jana mwanangu alitakiwa kodi ya miezi sita mbele kwa chumba kisicho na dari, dalali naye akadai kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kunyoosha kidole tu. Huo ujambazi mbona hamuuandikii makala ya Jumapili?

Pendekezo langu ni dogo. Mwandishi wenu apangiwe chumba Manzese, kwa Mfuga Mbwa, alipe miezi sita kutoka mfukoni mwake, maji anunue kwa ndoo. Na kila anayetunga riwaya ya ujambazi alazimishwe kutaja, kabla ya ukurasa wa tatu, jambazi wake analipa kodi kiasi gani na amechelewa miezi mingapi.

Nasubiri ile faini ya kuchelewesha kitabu. Yule kijana nilimsamehe siku ile, lakini deni namhamishia mwandishi wenu.

Mzee wa Vitabu,
Manzese, Dar es Salaam