Msilikimbie jina la Subira: barua kwa wajukuu zangu wa Mtwara na Lindi

Wajukuu zangu mlio na mimba na mnaonyonyesha, nanyi baba watoto mnaongoja kuambiwa mwana ataitwa nani,

Marahaba. Najua mngeniamkia, basi nimekwisha kuitikia.

Nawaandikia kutoka Mikindani. Mwezi uliopita mjukuu wangu alijifungua salama mtoto wa kike. Ilipokaribia siku ya saba, siku ya akika na kunyolewa nywele, nikaulizwa jina, maana katika wakubwa wa nyumba nimebaki mimi. Nikasema: Subira, jina la bibi yangu mzaa mama. Chumba kizima kikanyamaza. Mama wa mtoto akawa anaviringisha pindo la kanga kidoleni, kisha akaniambia kwa adabu kabisa, "Bibi, jina ni zuri, lakini mwanangu ataumia." Wifi yake akamuunga mkono: kina Subira wote anaowajua wameteseka kwenye ndoa zao, na jina humfuata mtu. Mtoto akapewa jina jingine. Nimelipokea, na ndilo ninalomwitia kila asubuhi. Lakini lile neno "ataumia" limenikaa kifuani, ndiyo sababu ya barua hii.

Subira ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, sabr. Ndugu zake mnawajua: Sabra, Sabri, Saburi. Yupo ndugu mwingine ambaye hatumwiti mtoto kwa jina lake, naye ni shubiri. Waliosoma chuoni watawaambia kuwa kwa Kiarabu subira na mshubiri vina herufi zilezile tatu: swad, ba, ra. Kwa hiyo anayesema jina hili lina uchungu hajakosea, uchungu umo tangu kwenye mzizi. Ninachotaka tuelewane ni huo uchungu una kazi gani.

Mwanangu wa tatu nilimwachisha ziwa kwa shubiri. Nilivunja jani la mshubiri uliokuwa nyuma ya jiko, yakatoka yale maji ya manjano, nikapaka chuchu zote mbili, nikakaa mkekani kumngoja. Akaja mbio kama kawaida yake, akanyonya mara moja tu, akakunja uso mzima, akanitazama machoni. Nililia mimi kabla yake. Usiku akagoma, nikapaka tena, nikampakata mpaka kukapambazuka. Siku ya tatu akala uji wa mtama bakuli zima, na mimi nikanawa kifua kwa maji ya moto, jani lililobaki nikalitupa. Shubiri hupakwa siku chache, kwa jambo linalojulikana, na anayepaka ndiye anayejua lini ataosha.

Bibi yangu Subira alikuwa mtu wa Newala, juu kule uwandani, ambako wenzake walimwita Subila. Mnaoishi kwenye mabomba leo huenda hamjui kwamba juu ya uwanda ule wa Makonde maji hayakuwapo. Vijiji viko juu, chemchemi ziko bondeni. Wanawake walitoka jogoo hajawika, wanashuka ukingo wa mlima wakiwa wamefuatana mstari mmoja, wanangoja maji yajikusanye kwenye kisima, wanachota kwa kata, halafu wanapanda na mtungi kichwani jua likiwa limeshapanda nao. Mama alinisimulia kwamba bibi alikuwa na jiwe lake la kupumzikia katikati ya mwinuko. Hakutua chini ya hapo na hakutua juu ya hapo. Nilipokuwa mdogo nilionyeshwa jiwe lenyewe. Lilikuwa la kawaida tu, lenye mgongo laini. Ukiniuliza subira ni nini, mimi nitakupeleka kwenye lile jiwe. Bibi hakukaa nyumbani akingoja maji yamfuate.

Na kwa walio Waislamu, someni tena habari ya Nabii Yaakub katika Sura Yusuf. Alipoletewa kanzu yenye damu ya uongo alisema subira njema. Neno hilo tunalijua wote, tunaambiana misibani. Lakini huyohuyo Yaakub alilia mpaka macho yake yakawa meupe, hakuambiwa kwamba amepungukiwa subira. Na huyohuyo ndiye aliyewaambia wanawe: nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye, wala msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Alilia, na alituma watu. Na nyinyi Wakristo wa Ndanda na Masasi mnaye Ayubu, ambaye alibishana na rafiki zake mchana na usiku na hakuacha kusema kilichomuuma.

Sasa nifike kwenye lililo gumu kwangu. Nimekuwa kungwi zaidi ya miaka thelathini. Ya unyagoni siyasemi hapa, yana mahali pake. Hili nalisema kwa sababu ni kosa letu sisi tuliowafunda wali: tuliliharibu jina hili. Pale ambapo mwali alihitaji kuambiwa "rudi kwenu", tulimwambia "subiri". Binti mmoja niliyemfunda mwenyewe alinijia mkono umevimba, hawezi hata kujifunga kanga. Nikamkanda kwa maji ya chumvi, nikamwambia subira yavuta heri, nikamrudisha kwa mumewe. Akaja mara ya pili, nikamwambia vilevile. Mara ya tatu hakuja kwangu. Alikwenda kwa mjomba wake, na mjomba akamfuata yule bwana siku hiyohiyo, akamtoa mtoto wake. Kwa desturi zetu mjomba ndiye mwenye mtoto, na siku ile alijua kazi yake. Mimi kungwi wake sikuijua yangu. Nimemwomba radhi, na amenisamehe. Kwa hiyo mama wa kichanga anaposema "ataumia", najua neno hilo ametufunza nani.

Tazameni majina ya tabia njema yaliyobaki midomoni: Neema, Baraka, Rehema, Zawadi, Faraja. Ni majina mazuri na nimeyapokea kwa mikono hii vichanga wakiwa bado wana joto la tumboni. Lakini karibu yote ni ya kitu unachopewa. Subira, Staha, Adili ni majina ya kitu unachokifanya wewe mwenyewe, na haya ndiyo yanayopotea. Siku hizi naweza kukaa kwenye benchi la kliniki asubuhi nzima, kadi zinaitwa moja baada ya nyingine, nisimsikie Subira hata mmoja aliye chini ya miaka mitano.

Namsikia Patience, hata hivyo. Wajukuu zangu, Patience ni Subira. Ni jina lilelile. Walilipenda sana Waingereza wa madhehebu ya Wapuritani, waliokataa majina ya watakatifu wa kanisa la zamani wakawaita watoto wao kwa tabia walizotaka wawe nazo. Mzee wao mmoja, William Brewster, aliyevuka bahari kwa meli ya Mayflower mwaka 1620, alikuwa na wana walioitwa Love na Wrestling, na mabinti Patience na Fear waliomfuata mwaka 1623. Kwa lugha yetu ni Upendo, Mieleka, Subira na Hofu. Kumbe hata wao, waliokwenda kwenye njaa na baridi, hawakuliogopa. Na huko huko Marekani, tangu Weusi wa kule walipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 na kuzipa nguzo zake saba majina ya Kiswahili, wapo mabinti wanaoitwa Imani na Nia. Wametoka mbali kuja kuchukua maneno kwetu. Siwakatazi jina la Patience. Naomba tu mjue mlilolichukua, na kama mnalipenda kwa Kiingereza basi msilihofu kwa Kiswahili.

Jina zuri lisilo na mtu nyuma yake halimsaidii mtoto. Hapa kusini tunalijua hilo kuliko wengine. Kijana mmoja wa Kiyao alikamatwa utotoni karne ya kumi na tisa, akapitishwa Kilwa, akauzwa mpaka India, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Sidi Mubarak Bombay, yule aliyewaongoza wasafiri wa Kizungu kina Burton, Speke na Stanley barani. Mubarak maana yake aliyebarikiwa. Alibarikiwa na nani, mtoto aliyenyang'anywa kwa mama yake? Jina lilikuwa zuri, ila waliompa hawakuwa watu wake.

Ndiyo maana sisi tuna somo, yaani yule ambaye mtoto amepewa jina lake. Mtoto akipewa jina, anapewa na mtu: aliye hai au aliyekufa, wa kusimuliwa. Ndiyo maana tuna kina Somoe wengi hivi pwani yetu, mtoto amebeba jina la mkubwa ambalo kwa heshima halitajwi ovyo. Basi ukimwita mwanao Subira, mtafutie somo. Mtafutie mwanamke aliyengoja huku anafanya kazi: aliyepanda mikorosho akaipalilia mpaka ikazaa, aliyesomesha watoto kwa kuuza chumvi, hata aliyetoka kwenye ndoa mbaya akaanza upya. Mtoto akiuliza kwa nini ninaitwa hivi, amwone au asimuliwe. Asikute methali tupu.

Kuna dogo la karani, nalo nilitaje haraka. Jina la nyumbani, la kadi ya kliniki na la cheti cha kuzaliwa yawe mamoja, kwa herufi zilezile. Walio chini ya miaka mitano wanapewa cheti bure, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Msingoje mtoto afike darasa la saba ndipo mgundue kwamba yeye ni Subira nyumbani na Subila kwenye karatasi.

Huyu kitukuu wangu wa juzi jina lake limeshapita, nami nampakata kwa jina hilohilo. Lakini najua wapo kati yenu mnaotarajia mwezi wa kumi, korosho zikianza kudondoka. Anayelitaka jina la bibi yangu aje Mikindani jioni yoyote baada ya alasiri, aje na mumewe. Nitawapa na kanga ya bibi, imechakaa lakini pindo lake bado zima, ya kumfunikia mtoto siku ya kumtoa nje. Na nitawasimulia ile njia ya maji yote, kutoka kisimani mpaka pale kwenye jiwe.

Bibi yenu,
Mikindani