Geti si cheti cha bastola

Mhariri,

Wenye bastola wengi hapa Kampala hushikilia neno moja: nikishaingia getini kwangu, silaha ni shauri langu. Sivyo. Sheria ya Silaha ya 1970 haiulizi ukuta wako umeishia wapi, inauliza silaha iko mikononi mwa nani. Cheti hutolewa kwa mtu, na kila silaha kwa cheti chake, wala hapewi aliye chini ya miaka 25. Kwa hiyo anayeivaa sebuleni kwake akiwa na cheti hana kesi. Mwenye kesi ni yule anayemwachia askari wa getini "alinde nayo usiku". Cheti cha tajiri hakimfuniki askari, wala shemeji aliyeachiwa nyumba wikendi. Ukitaka lindo lenye bunduki, ajiri kampuni ya ulinzi yenye kibali. Bunduki ije na askari wao na iondoke naye.

Bastola ya kiunoni ikae kwenye ala ngumu inayofunika triga (kifyatulio) yote. Ala ya kitambaa ikichakaa, mdomo wake hulegea na kujikunja mbele ya triga, na bastola hulia pale mtu anapoirudisha kwa pupa. Kamba ya jaketi nayo hunasa vivyo hivyo. Rudisha taratibu, kidole kimenyooka ubavuni mwa bastola, macho yakiwa kwenye ala. Kikoi hakina mkanda. Ukiwa umejifunga kikoi, silaha ibaki kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani kwa boliti.

Kwenye kuondoa risasi ndani ya bastola ibaki tupu ndiko wengi wanakoharibu. Elekeza mdomo wa bastola kwenye pipa la mchanga, wala si sakafuni, maana saruji huirudisha risasi. Toa magazini, kasha la risasi lililo ndani ya mpini, kwanza. Halafu vuta slaidi, chuma cha juu kinachoteleza kurudi nyuma, mara mbili tatu, izuie ikiwa wazi, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kisha papasa kwa kidole kidogo, hasa umeme ukiwa umekatika. Anayegeuza mpangilio huvuta slaidi kwanza: risasi moja inaruka nje, anaridhika, kumbe magazini bado imo na slaidi ikirudi inasukuma ya pili chemba. Kisha anatoa magazini na kumkabidhi mwenzake bastola "tupu".

Na hili la kufyatua hewani kumtisha mwizi! Risasi ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde. Kiwanja chetu cha kawaida, futi 50 kwa 100, inakimaliza kwa urefu kabla sekunde haijafika sehemu ya kumi. Mlango wa mbao hauizuii, sembuse mabati ya jirani. Iliyopigwa juu nayo lazima ishuke, na mitaa yetu ilivyobanana, haishukii kwako.

Mkufunzi wa silaha,
Ntinda, Kampala