Mgeni wa benchi la nyuma: barua kwa maasistanti na ma-CT wa Lubumbashi

Wadogo zangu, maasistanti na ma-CT (chefs de travaux, cheo kinachofuata kile cha asistanti), mnaofundisha katika vyuo vya Lubumbashi,

Nawasalimu kwa heshima. Nimestaafu, na mzee aliyestaafu huwa na wakati mwingi wa kuwakosoa waliobaki kazini; nitajitahidi nisiwe wa namna hiyo. Jambo ninalowaandikia ni moja. Hapa kwetu mtu anaweza kufundisha chuo kikuu miaka thelathini bila mwenzake hata mmoja kuketi ukumbini na kumsikiliza. Mwalimu wa shule ya msingi hutembelewa na mkurugenzi wake, na mara nyingine na mwinspekta. Sisi tunasomewa tasnifu na makala zetu kwa jicho kali, lakini ufundishaji wenyewe, ambao ndio wazazi wanaulipia kwa kuuza makaa na unga, hauonwi na mtu ila wanafunzi, nao wanaogopa kusema.

Nilianza kufundisha kemia miaka michache baada ya UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kuvunjwa mwaka 1981, na kwa miaka saba niliamini kwamba ninafundisha vizuri, kwa kuwa ukumbi wangu ulikuwa kimya. Siku moja ya mvua kubwa, mwenzangu wa fizikia, ambaye ukumbi wake ulikuwa umejaa maji, aliingia kwangu akaketi nyuma kabisa. Nilikuwa nikieleza mole, lile fungu ambalo wanakemia huhesabia chembe, na namba ya Avogadro, yaani idadi ya chembe katika mole moja, nilikuwa nimekwisha kuiandika ubaoni. Nilisema kwa dakika ishirini hivi, kwa Kifaransa ambacho nilijivunia. Tulipotoka alinipa kipande cha karatasi chenye mambo matatu: kuanzia safu ya sita maandishi yangu hayasomeki; nimewapa wanafunzi mgongo karibu muda wote; na kijana aliyeketi kando yake alimuuliza jirani yake mole ni nini, naye akajibiwa kwa Kiswahili cha hapa: "Ni sawa dazeni ya mayai, lakini yenyewe iko mingi sana." Kisha wote wawili wakaendelea kunakili.

Usiku ule sikupata usingizi. Kijana yule alikuwa amefundisha kwa sentensi moja, na mshahara, mwezi ulipofika, nilipokea mimi.

Baadaye nilisoma habari za Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, nikatulia kidogo, kwani hata huko mambo yalikuwa hayo hayo. Wanafunzi wake walikokotoa hesabu ngumu bila shida, lakini walipoulizwa maswali mepesi kuhusu nguvu na mwendo walikwama. Akawaeleza swali moja mara mbili, wasielewe. Aliposhindwa, akawaambia wazungumze wao kwa wao, na baada ya dakika chache walikuwa wameelewa. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za kozi za sayansi, uhandisi na hesabu: mwalimu aliposema peke yake, walioanguka walikuwa takriban asilimia 34, wanafunzi waliposhirikishwa, walishuka hadi takriban 22. Kwa ukumbi wa watu mia tatu, hao ni vijana zaidi ya thelathini ambao hawarudii mwaka.

Kwa hiyo nawashauri mtembeleane, wawili wawili, mara mbili kwa muhula. Kabla ya siku yenyewe, kunyweni chai na mwambie mgeni wako atazame nini: sauti, ubao, maswali, au wale wa nyuma. Mgeni aketi katikati ya wanafunzi, asikae mbele kama mjumbe wa juri, na aandike anachokiona na kukisikia: mwalimu aliuliza maswali mangapi, alingoja kwa muda gani kabla ya kujijibu mwenyewe, vijana walinong'onezana nini. Lafudhi ya mwenzake aiache. Zungumzeni siku ile ile, na karatasi abaki nayo aliyetembelewa. Ikifika kwa mkuu wa idara, mwaka ujao hakuna atakayefungua mlango wake, nami nitakuwa upande wa hao watakaoufunga.

Mtagundua, kama nilivyogundua, kwamba lugha ina sehemu kubwa katika jambo hili. Kozi ni ya Kifaransa na mtihani ni wa Kifaransa, hilo silipingi. Lakini katika kazi za vitendo, waacheni wabishane kwa Kiswahili kwanza, kisha waandike kwa Kifaransa. Nilipoanza kufanya hivyo nilileta pia malakiti, lile jiwe la kijani ambalo watoto wa wachimbaji wanalijua kuliko mimi. Unaliponda, unalimwagia asidi ya salfa iliyozimuliwa, linatoa povu, na maji yanageuka buluu. Unatumbukiza msumari uliosuguliwa vizuri, na baada ya muda unautoa umevaa shaba. Binti mmoja aliyekuwa hajafungua kinywa tangu mwaka uanze alisema, "Baba, basi chuma kimeenda wapi?" Tulikaa na swali hilo hadi saa ya kufunga.

Kuhusu silabusi, yale maelezo ya kozi yaliyochapwa tunayowauzia wanafunzi, nitasema kwa kifupi, maana mnanijua. Kuiuza kisha kuisoma kwa sauti mbele ya walioinunua ni kuwatoza watu mara mbili. Mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari) unahesabu kredi 60 kwa mwaka na 180 kwa lisansi, na ndani ya kredi hizo imo kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Lakini nimeshika mikononi silabusi kadhaa ambazo kilichokuwa kipya ni jalada tu.

Najua mtanijibu kwamba asubuhi mko Lubumbashi, jioni mko Likasi, na kesho Kolwezi, kwa kuwa chuo kimoja hakilishi nyumba. Ni kweli, na wakuu wa idara watakaosoma barua hii nawaomba wawape vijana hawa angalau saa nne za muhula zilizoandikwa kwenye ratiba kwa ajili ya kutembeleana, na anapopandishwa cheo mtu, waulize pia amewafundishaje watu, badala ya kuhesabu makala peke yake. Anayefundisha kozi nzima kwa wiki moja kisha akapanda basi, huyo simlaumu yeye kwanza, namlaumu aliyempangia.

Mimi mwenyewe niko tayari kuja siku za Alhamisi, asubuhi. Magoti hayapandi tena ngazi, kwa hiyo chagueni ukumbi wa chini, na msiwaambie wanafunzi mimi ni nani. Nitaleta daftari langu na kuketi baada ya safu ya sita.

Mzee wenu, mwalimu wa kemia mstaafu, Lubumbashi