Kikao cha Jumamosi: rada ya antena nyingi

Assalaam aleikum wanakikundi. Kikao cha Jumamosi hakijabadilika: hapa Malindi, baada ya swala ya alasiri, barazani pale pa siku zote. Chai ipo, mahamri kila mtu ajitegemee.

Mada ni ile mliyoisumbukia wiki nzima, rada yenye antena za kurusha na za kupokea zilizotawanywa mbalimbali. Rada ya kawaida hurusha na kupokea kutoka pahala pamoja. Kasoro yake ni kwamba chombo kikikuonyesha ubavu kinarudisha mawimbi tele, kikikugeuzia omo mara nyingi mawimbi yanafifia. Zikiwepo antena kadhaa pande tofauti, chombo kinachokosekana huku kitanaswa kule. Na hesabu yake tamu: virushaji 3 na vipokezi 4, kila kirushaji na wimbi lake la kutambulika, hukupa njia 12 za kukiona kitu kimoja.

Wala si mambo ya jana. Jaribio la Daventry, Uingereza, tarehe 26 Februari 1935, lilitumia mtambo wa BBC kurusha, kipokezi kikawa kilomita kadhaa kutoka hapo, na ndege ikaonekana.

Kinachotoa watu jasho ni saa za virushaji na vipokezi, lazima ziende sawa. Zikipishana kwa mikrosekunde 1 tu, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, njia ya wimbi inakosewa kwa mita 300. Ndiyo maana wengi huzifuatisha saa zao na setilaiti za GPS. Hapo ndipo nitakapokawia, wenye haraka mniwie radhi.

Mwenye ubao mweupe anijibu kabla ya Ijumaa usiku.