Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayekwenda kuchota udongo mlimani

Mpwa wangu mpendwa,

Baada ya salamu, nimeusoma mpango wako wa kuchota udongo kila baada ya mita 200 za mwinuko, toka bondeni hadi kileleni, ili uone jinsi bakteria wanavyobadilika katika nyanda kavu za juu. Naona umeufanya mwinuko kuwa ndiyo sababu, ilhali bakteria hajui yuko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Ajualo ni maji, chumvi, chakula, baridi, na kama udongo una asidi au magadi. Mwaka 2006 watafiti Noah Fierer na Robert Jackson walilinganisha udongo wa Amerika ya Kaskazini na ya Kusini, wakakuta kwamba kiwango cha asidi kilieleza wingi wa aina za bakteria vizuri zaidi kuliko joto au latitudo (umbali kutoka ikweta).

Tena katika milima ya jangwani, kupanda mara nyingi ni kuufuata unyevu, kwa hiyo aina zaweza kuongezeka kwanza, kisha zipungue baridi inapozidi. Kwenye volkano ya Llullaillaco, mpakani mwa Chile na Argentina, udongo wa juu ya mita 6,000 una aina chache mno, wengi wao wa kundi la aktinobakteria, na jeni zao zinaashiria kwamba huenda wanapata nishati kutokana na gesi haba za hewani, kama monoksidi ya kaboni.

Lakini usikimbilie kileleni. Piga magoti kwenye kichaka kimoja. Chini yake upepo umelundika vumbi na majani makavu, kivuli kimehifadhi unyevu, na mizizi inavuja sukari. Hatua moja tu pembeni, udongo uko uchi, unachomwa na jua mchana na kuganda usiku. Tofauti ya bakteria kati ya sehemu hizo mbili yaweza kuzidi ile unayoitafuta kati ya vituo vyako. Ukiona utando mweusi juu ya mchanga, nyanyua kipande chake taratibu kwa sindano: chembe za mchanga zitaning'inia kama shanga kwenye nyuzi za saianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. (Usiukanyage, maana huchukua miaka mingi kurudi.)

Jambo jingine ni kwamba baridi na ukavu huhifadhi DNA ya seli zilizokwisha kufa, hivyo orodha ya bakteria itakayotoka maabara kwa kusoma DNA itachanganya wazima na marehemu, na wewe usiwahesabu wote kuwa wakazi.

Basi, kila kituo chota jozi kadhaa, chini ya kichaka na mahali pa wazi, kwa kina kilekile. Pima unyevu, chumvi na asidi ya kila sampuli. Na kabla hujaufunga mfuko, andika mteremko unatazama upande gani.

Mjomba wako