Tovuti Yako ni ya Wapenzi wa Ndege? Bango Lako Lisiende Kila Mahali

Wateja wengi wanaopanda ngazi za ofisi yetu hapa Biashara Street huja na shida ileile: tovuti nzuri, wageni hakuna. Wa karibuni alikuwa mtazamaji wa ndege. Ana picha safi za hondohondo wa Karura, ana maelezo ya njia za City Park na Arboretum, ana hata sauti alizorekodi mwenyewe. Ombi lake lilikuwa fupi: mtengeneze bango la tangazo la mtandaoni, mliweke kila mahali.

Bango tulimtengenezea. Hilo la kila mahali tulilikataa.

Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, lakini watu wanaodamka kwenda kuwatazama ni wachache. Ukinunua matangazo kwenye mitandao mikubwa bila kuchagua, unalipia macho ya mtu anayetafuta matokeo ya mpira au bei ya unga. Na hata huyo halitazami bango lako. Mwaka 1998 watafiti Benway na Lane wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, waliandika kuhusu watu kutoyaona mabango yaliyo mbele ya macho yao kabisa, wakaliita jambo hilo upofu wa mabango. Wakati huo biashara yenyewe ilikuwa bado changa, kwani bango la AT&T kwenye tovuti ya HotWired, mojawapo ya mabango ya kwanza mtandaoni, lilitoka Oktoba 1994. Sasa piga hesabu macho yamekuwa sugu kiasi gani.

Kwa hiyo sisi huanza na swali moja: mtu huyu unayemtaka, pesa zake na muda wake anavipeleka wapi kabla hajakufikia? Mtazamaji wa ndege hununua darubini. Hukodi mwongozaji. Hulala Naivasha wikendi. Hutafuta buti zisizoingiza maji. Kila mmoja wa wauzaji hao ana tovuti, na wengi wao hawajawahi kuombwa nafasi ya bango na mtu yeyote. Huko ndiko tunakobisha hodi.

Makubaliano huwa ya namna mbili. Kuna kubadilishana, yaani bango lako kwao na lao kwako, bila shilingi kupita. Hii inafaa mkiwa mnalingana kwa wageni. Kama mwenzako ana wageni mara kumi yako, usimwombe mbadilishane, mlipe kodi ya mwezi kwenye till yake na mambo yaishe. Kwa vyovyote vile, muandikiane: bango litakaa ukurasa gani, juu au chini, hadi tarehe gani, na nani atabadilisha picha. Ukurasa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Bango la ndege chini ya makala ya jinsi ya kuchagua darubini litakuletea watu. Likiwa ukurasa wa mbele, kati ya mapunguzo ya mahema, litapotea.

Sasa picha yenyewe. Rasimu aliyokuja nayo mteja ilikuwa na heroe, tai, nembo, namba ya simu na sentensi mbili, vyote ndani ya pikseli 320 kwa 50, ambacho ni kipimo cha kawaida cha bango la simu. Kwenye simu ilionekana kama doa la rangi. Tuliondoa yote, tukamweka kwarara mmoja, yule anayechokora nyasi za Nairobi kwa mdomo wake mrefu, na maneno haya: “Anayekupigia kelele alfajiri ni nani?” Hakuna mkazi wa Nairobi asiyemjua kwa sauti, na wengi hawajui jina lake. Uzito nao tuliupunguza, maana mtu anaperuzi kwa bando lake. Google hukubali picha ya tangazo isiyozidi kilobaiti 150, nasi tunapenda iwe chini ya hapo sana. Faili usiliite banner wala usiliweke kwenye folda iitwayo ads, kwa sababu programu za kuzuia matangazo hunasa majina hayo na picha yako haitaonekana.

Kiungo cha kila mshirika kiwe na mkia wake, ule wa utm_source, yaani maneno ya mwisho wa anwani yanayotaja mgeni ametoka tovuti gani, ili ujue nani ameleta nani. Tuseme umelipa shilingi 3,000, bango likaonekana mara 10,000, likabofywa mara 30, na watu 6 wakajiandikisha. Kila mbofyo umekugharimu shilingi 100, kila mwanachama 500. Kama mwanachama hakuletei hata 500 kwa mwaka, hamia kwa mshirika mwingine bila kinyongo. Na kiungo kilicholipiwa kiwekewe kwenye msimbo wake alama ya rel="sponsored", yaani kimelipiwa. Google ilileta alama hiyo 2019, na haipendi viungo vya kulipia vinavyojifanya vya bure.

Kuna mambo mawili hatuyagusi. Kubadilishana orodha za simu na barua pepe za wateja ni moja: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mwenyewe aridhie kwanza data yake itumiwe kibiashara, na kukupa wewe namba yake si kumpa jirani yako. La pili ni mabango ya kamari. Yanalipa, tunajua. Lakini mzee aliyezoea kukutana na wenzake Makumbusho ya Taifa kila Jumatano asubuhi kwa matembezi ya kutazama ndege ya shirika la uhifadhi la Nature Kenya akiona hayo kwako, hatarudi.

Kwa wenye tovuti za ndege, ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia huanza kujaa nchini kuanzia Oktoba na huondoka kufikia Aprili, na watu hutafuta habari zao kipindi hicho. Kuzungumza na washirika huchukua muda kuliko kuchora bango, kwa hiyo ukitaka kuwa hewani Oktoba, njoo Agosti. Njoo na orodha ya maduka matano unayonunua vifaa vyako mwenyewe. Tutaanza na hayo.